Divai ya Kila Siku na Haki ya Jina Lake

Wahenga walinena, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hutumiwa zaidi kwa kuwaonya watu wajisifuo, lakini maneno yake ni ya sokoni, na yafaa ipimwe huko huko sokoni. Mkulima wa karafuu wa Unguja au Pemba aliyeanika karafuu zake juani na kuzichambua makonyo kwa subira aijua shaka iliyomo ndani yake. Jirani yake akichanganya karafuu na makonyo, kisha akazipeleka kwa jina lile lile na kwa bei ndogo kidogo, kizuri hakijiuzi tena. Mnunuzi wa mbali haoni ila gunia, naye huchagua gunia la bei nafuu. Basi methali ni ya kweli kwa sharti moja: kwamba kizuri na kibaya visivae kanzu moja.

Katika insha hii nataka kulitazama sharti hilo kwa kufuata historia ya kitu ambacho wengi wa wasomaji wangu hawakinywi, na baadhi ya wakinywao hukinunua kwa kubahatisha. Kitu hicho ni divai nyekundu ya bei rahisi, ile inywewayo na watu wa kawaida pamoja na chakula chao cha kila siku. Sikusudii kumshawishi mtu ambaye dini yake, afya yake au hiari yake imemkataza. Historia ya kitu yaweza kumfaa hata asiyekitumia. Naye akitumiaye nitajaribu, kabla ya kuweka kalamu chini, kumwonyesha njia ya kuchagua chupa iliyo njema bila ya kupoteza mshahara wake.

Lugha yetu ina majina mawili ya kinywaji hiki, na yote mawili yalitufikia kwa merikebu. Mvinyo ni neno la Wareno, vinho. Divai ni la Wafaransa, ambao mtu wao akitaka kinywaji hiki mezani huomba du vin. Kwa kuwa mvinyo umepanuka maana hata kuitwa kwa jina hilo pombe kali za namna nyingi, hapa nitashika neno divai, na kwa haki, maana kisa chenyewe ni cha Ufaransa.

Kusini mwa nchi hiyo, baina ya mto Rhône na milima ya Pyrénées, liko jimbo la kale liitwalo Languedoc. Upande mmoja lina Bahari ya Mediterania, na upande wa pili vilima vya mawe ambavyo juu yake haioti mimea mingi ila ile isiyoogopa kiu. Jua lake ni kali wakati wa kiangazi, na mvua yake ni chache. Warumi waliunda mji wa Narbonne mwaka 118 kabla ya Kristo, na mizabibu ikastawi katika ardhi ile. Mwaka 92 baada ya Kristo Kaisari Domitian alitoa amri kwamba nusu ya mizabibu ya majimbo ya nje ya Italia ing'olewe. Amri hiyo haikuimaliza mizabibu, lakini yatuonyesha kwamba ugomvi juu ya divai iliyozidi si wa jana.

Kwa karne nyingi divai ya Languedoc haikwenda mbali. Pipa la divai ni zito, na njia za nchi kavu zilikuwa mbovu. Mwaka 1681 ulikamilika mfereji mkubwa uunganishao mji wa Toulouse na bandari ya Sète, ukafungua njia ya maji, lakini safari ya Paris ilibaki ndefu na ghali. Huko Paris penyewe maskini alikuwa na adui mwingine, naye ni ushuru. Kila pipa lililoingia mjini lilitozwa kodi langoni, na kodi haikubagua divai njema na dhaifu, hata ikawa mzigo wake ulimwelemea zaidi mnywaji wa divai rahisi. Watu walitoka nje ya ukuta siku za mapumziko wakanywe huko ambako kodi haikufika. Twakumbuka sana tarehe 14 Julai 1789, siku ilipovunjwa ngome ya Bastille. Ni wachache wanaokumbuka kwamba siku chache kabla yake makundi ya watu wa Paris yalikuwa yamekwisha kuyachoma moto malango ya ushuru. Bei ya divai ya kila siku ilikuwa jambo la siasa tangu hapo.

Mabadiliko makubwa yalikuja na gari la moshi. Katika miaka ya 1850 reli ziliunganisha Languedoc na miji ya kaskazini, na pipa lililokuwa likisafiri kwa majuma likafika kwa siku chache. Kaskazini kulikuwa na viwanda, migodi, na wafanyakazi wengi waliohitaji kinywaji cha kuchangamsha mwili baada ya kazi. Maji ya mijini hayakuaminika. Louis Pasteur alipochapisha kitabu chake juu ya divai mwaka 1866, aliihesabu divai miongoni mwa vinywaji vifaavyo afya, na neno la bingwa mkubwa kama yeye liliwapa wauzaji silaha waliyoitumia kwa miaka mingi. Leo waganga hawasemi hivyo. Wasema kwamba kileo kina madhara yake hata kikiwa kidogo. Lakini katika zama zile divai ilihesabiwa kuwa chakula, sawa na mkate.

Wakulima wa Languedoc waliitikia wito wa reli kwa namna iliyokuwa na faida ya haraka na hasara ya baadaye. Waliteremka kutoka vilimani kwenye mawe, wakapanda mizabibu katika tambarare zenye rutuba. Waliupenda hasa mzabibu uitwao Aramon, ambao katika udongo mnono waweza kutoa zaidi ya hektolita 200 kwa hekta moja. Hektolita ni lita 100. Mzabibu uzaao kiasi hicho hugawanya nguvu zake kwa vishada vingi mno, na divai yake huwa nyepesi, ya rangi hafifu, yenye kileo kidogo. Ilipohitaji rangi ilichanganywa na divai nyingine nyeusi zaidi, na mkulima mmoja wa huko, Henri Bouschet, alizalisha kwa ajili hiyo zabibu ambazo hata nyama yake ni nyekundu. Jambo hili lataka kukumbukwa, maana zabibu nyingi nyeusi zina maji meupe. Wekundu wa divai hutoka katika maganda, ambayo huachwa yachachuke pamoja na maji ya tunda.

Kisha likaja balaa. Mwaka 1863, katika wilaya ya Gard, mizabibu ilianza kunyauka bila ya sababu iliyojulikana. Majani yaligeuka rangi, vishada vikakauka, na mti uling'olewa ukiwa na mizizi iliyooza. Mwaka 1868 Jules-Émile Planchon, mwalimu wa elimu ya mimea huko Montpellier, pamoja na wenziwe wawili, walichimba mizizi ya miti ambayo bado ilikuwa hai, wakaona wadudu wadogo wa manjano, jamaa ya vidukari, waliokuwa wakifyonza uhai wake. Mdudu huyo aliitwa filoksera. Alitoka Amerika pamoja na miche iliyoletwa kwa merikebu, na mzabibu wa Ulaya haukuwa na kinga dhidi yake. Wakulima walijaribu kila waliloambiwa. Walioweza waligharikisha mashamba yao kwa maji, wengine wakadunga dawa ya sumu ardhini. Dawa iliyofaa ilipatikana pale pale balaa lilipotoka: mzabibu wa Amerika umeizoea filoksera, basi tawi la mzabibu wa Ulaya likapandikizwa juu ya mzizi wa Amerika. Mizabibu mingi ya dunia hata leo yasimama juu ya mizizi hiyo ya kigeni.

Lakini mti uliopandikizwa hauzai kesho yake. Mwaka 1875 Ufaransa ilikuwa imevuna kiasi cha hektolita milioni 84 za divai. Mwaka 1889 ilipata takriban milioni 23 tu. Kiu ya watu haikupungua kwa kadiri hiyo, na hapa ndipo ughushi ulipoingia. Wafanyabiashara waliagiza zabibu kavu kutoka Ugiriki na Uturuki, wakaziloweka majini zichachuke. Wengine walichukua makapi ya zabibu zilizokwisha kukamuliwa, wakayatia maji ya moto na sukari, wakapata kinywaji cha pili, na mara nyingine cha tatu. Chote hicho kiliuzwa kwa jina moja, divai. Sheria ya mwaka 1889 ilijaribu kuuweka mpaka kwa kusema kwamba divai ni kitokacho katika kuchachuka kwa zabibu mbichi, basi. Lakini sheria isiyo na wakaguzi haimwogopeshi mwizi. Mwaka 1903 ushuru wa sukari ulipunguzwa, na kazi ya waghushi ikazidi kuwa na faida.

Wakati huo huo mizabibu mipya ya Languedoc ilikuwa imeanza kuzaa. Ikazaa sana. Kutoka ng'ambo ya bahari, Algeria, ambayo Wafaransa walikuwa wameitawala, zilikuja divai nzito za mashamba ya walowezi. Soko likafurika, bei ikaanguka, na mwanzoni mwa karne ya ishirini mkulima wa Languedoc aliuza divai yake kwa bei isiyorudisha gharama. Vibarua walikosa kazi. Maduka yalikataa kukopesha. Mashamba yalipigwa mnada.

Tarehe 11 Machi 1907 watu 87 wa kijiji cha Argeliers waliondoka kwenda Narbonne kuonana na tume ya wabunge iliyokuja kuchunguza hali ya divai. Kiongozi wao alikuwa Marcelin Albert, mkulima mdogo mwenye mkahawa, mtu asiye na cheo chochote. Walisema yaliyo moyoni mwao, wakarudi kijijini. Huo ulikuwa mwanzo mdogo wa jambo kubwa. Kila Jumapili wakulima walikutana katika mji mmoja: Narbonne tarehe 5 Mei, Béziers tarehe 12, Perpignan tarehe 19, Carcassonne tarehe 26, kisha Nîmes. Tarehe 9 Juni huko Montpellier walikusanyika watu waliokisiwa kufika nusu milioni, na wapo wakisiao zaidi. Walikuja kwa gari la moshi, kwa mikokoteni na kwa miguu, wakiwa na mabango ya Kifaransa na ya Kioksitani, lugha ya nyumbani kwao. Tajiri mwenye shamba alitembea karibu na kibarua wake, na mtu wa siasa ya kulia karibu na msoshalisti. Askofu wa Montpellier alifungua makanisa ili waliokosa pa kulala walale humo.

Walitaka nini? Hawakuomba sadaka. Walitaka kitu chenye jina la divai kiwe kimetoka katika zabibu. Serikali ilipochelewa, mamia ya mabaraza ya miji na vijiji yalijiuzulu, na watu wakakataa kulipa kodi. Waziri Mkuu Georges Clemenceau alileta majeshi. Tarehe 19 Juni meya wa Narbonne, daktari Ernest Ferroul, alikamatwa, na katika ghasia za siku hiyo na ya pili yake askari walifyatua risasi mjini. Walikufa watu kadhaa, miongoni mwao binti wa miaka 20 aliyekuwa amefika mjini siku ya soko. Habari hizo zilipofika Agde, askari wapatao 500 wa kikosi cha 17 cha miguu, vijana wa nchi ile ile, waliasi. Walichukua silaha wakatembea usiku hadi Béziers, wakakaa uwanjani katikati ya watu wao. Walikubali kurudi baada ya kupewa ahadi, kisha wakapelekwa Gafsa, katika jangwa la Tunisia.

Mwisho wa Marcelin Albert ulikuwa wa huzuni. Alikwenda Paris kwa siri akaonana na Clemenceau. Waziri Mkuu alimsikiliza, akamwagiza arudi kuwatuliza watu, na mwisho akampa noti ya faranga 100 ya nauli. Albert aliipokea. Kisha Clemenceau akawasimulia waandishi wa magazeti habari ya noti ile, na wenziwe wakamdhania kuwa amenunuliwa. Alikufa mwaka 1921, akiwa maskini. Tumlaumu kwa ujinga wa siasa tukitaka, lakini sioni kwamba twaweza kumlaumu kwa jambo jingine.

Kwa kiasi kikubwa alilolipigania lilipatikana. Sheria ya tarehe 29 Juni 1907 ilimlazimu kila mkulima atangaze kiasi alichovuna, ili isiuzwe divai zaidi ya ile iliyotoka shambani. Iliongeza kodi juu ya sukari ya kutilia divai, na mwaka huo huo ikaundwa idara ya kukomesha ughushi. Hata hivyo haki yadai niseme na upande wa pili. Wanahistoria waliopima hesabu za miaka ile wameona kwamba ughushi haukuwa chanzo pekee cha kuanguka kwa bei. Divai ya kweli nayo ilikuwa imezidi, na nyingi ilikuwa dhaifu. Mkulima aliyelaani sukari ya mwenziwe alikuwa amepanda Aramon katika tambarare yake mwenyewe. Hakusema uongo, lakini ukweli wake ulikuwa mwembamba.

Dawa nyingine ilikuwa imekwisha kuanza bila ya kelele. Mwaka 1901, katika kijiji cha Maraussan karibu na Béziers, wakulima wadogo waliunda ushirika wauze divai yao moja kwa moja kwa vyama vya ushirika vya wafanyakazi wa Paris, wakimruka dalali. Mwaka 1905 walijenga ghala lao la pamoja la kutengenezea divai, na Jean Jaurès, kiongozi wa wasoshalisti, alikwenda kulitazama. Mkulima alipata bei ya haki, mnywaji akapata divai aijuayo inakotoka. Mfano wao ulifuatwa, na baina ya vita kuu mbili maghala ya ushirika yalienea vijiji vingi vya kusini.

Vita vya mwaka 1914 vilizidisha mazoea. Wakulima wa Languedoc walitoa divai kwa hospitali za askari, na jeshi likampa kila askari robo lita kwa siku, kiasi ambacho baadaye kiliongezwa. Vijana wa vijiji ambavyo havikuwa na mizabibu waliirudisha desturi hiyo nyumbani kwao. Mwaka 1935 ilitoka sheria iliyoweka majina ya mahali chini ya ulinzi: divai isiitwe kwa jina la mahali isipotoka pale, katika zabibu zilizokubaliwa, kwa mavuno yasiyozidi kiasi kilichowekwa. Ilikuwa hatua ya pili ya ukweli. Mwaka 1907 ilikuwa imeamuliwa kwamba divai iwe divai, na sasa ikaamuliwa kwamba Châteauneuf-du-Pape iwe ya Châteauneuf-du-Pape. Lakini divai ya kila siku ilibaki nje ya ulinzi huo. Iliuzwa kwa nguvu ya kileo chake, na Aramon hafifu ya Languedoc ilipewa mwili kwa kuchanganywa na divai nzito ya Algeria. Algeria ilipopata uhuru mwaka 1962, mchanganyiko huo ulianza kukatika.

Na mnywaji mwenyewe alikuwa akibadilika. Mwaka 1956 serikali ya Ufaransa ilikataza watoto wa chini ya miaka 14 wasipewe divai katika chakula cha shule, jambo ambalo kwetu lashangaza kwa kuchelewa kwake. Mwaka 1960 Mfaransa alikunywa kwa wastani zaidi ya lita 100 kwa mwaka. Leo hafikishi nusu yake. Divai dhaifu ilikosa wanywaji, na kila ilipoingia divai rahisi ya nchi nyingine hasira ilirudi. Tarehe 4 Machi 1976, huko Montredon karibu na Narbonne, wakulima na askari walipigana kwa risasi, akafa mkulima mmoja na ofisa mmoja wa polisi. Risasi za mwaka 1907 zilikuwa zimerudia mji ule ule.

Safari hii baadhi ya wakulima walifuata njia nyingine. Waling'oa Aramon, na Jumuiya ya Ulaya ikawalipa wengi walioacha mashamba ya tambarare. Walirudi vilimani kwenye mawe, wakaitunza mizabibu mikongwe ya Carignan, wakapanda Grenache, Syrah na Mourvèdre, wakavuna kidogo zaidi. Saint-Chinian na Faugères zilipewa ulinzi wa jina mwaka 1982, Corbières na Minervois mwaka 1985. Ndipo likatokea jambo ambalo wapiganaji wa 1907 hawakuliona katika uhai wao: divai rahisi yenye jina la kweli na yenye kustahili jina hilo.

Nilipokaa Ufaransa kwa kazi ya kufundisha Kiswahili, nilianza kwa kosa la kila mgeni. Nilinunua chupa yenye picha ya kasri na maandishi ya dhahabu, kwa bei ya chini kuliko zote. Ilikuwa chachu, nyembamba, na kichwa changu kikajua asubuhi. Mzee mmoja jirani yangu, mstaafu mwenye pensheni ndogo, aliniita mezani pake akanimiminia divai ya Minervois ya ghala la ushirika, iliyozidi ile yangu kwa bei ya mkate mmoja. Tofauti haikuhitaji bingwa. Kwa hiyo yafuatayo nimeyapata kwa kuonja, na historia imenieleza sababu zake.

Kwanza, usinunue iliyo rahisi kuliko zote. Chupa, kizibo, karatasi, uchukuzi na kodi vina gharama ile ile kwa divai mbaya na njema. Katika chupa ya bei ya chini kabisa, vitu hivyo humaliza karibu fedha zote, na kinywaji chenyewe hubakiwa na senti. Ukiongeza kidogo, sehemu kubwa ya nyongeza hiyo yaweza kwenda katika zabibu. Pili, ukwepe umaarufu. Jina la Bordeaux au Burgundy hulipiwa hata kabla ya kizibo kung'olewa, ilhali Corbières, Minervois, Saint-Chinian, au Côtes du Rhône ya mkulima au ushirika mwaminifu, hukupa zaidi kwa fedha ile ile. Tatu, soma mahali ilipotiwa chupani. Iliyotiwa chupani na mkulima au ushirika wake ina mtu wa kumwuliza, lakini iliyosafiri katika matangi ya madalali mara nyingi haina. Nne, divai ya kila siku isiwekwe miaka. Imetengenezwa inywewe ikiwa changa, na vumbi la ghala haliiongezei heshima.

Katika kuonja, itazame kwanza katika gilasi nyeupe isiyojazwa. Isiwe na ukungu wala rangi ya kahawia ikiwa bado changa. Inuse. Njema hunukia matunda, na zile za vilima vya Languedoc mara nyingi hunukia majani ya porini na pilipili manga. Ikinuka siki au kadibodi iliyolowa, irudishe. Kisha ionje, uipime kwa mambo matatu. La kwanza ni uchachu, unaotoa mate na kusafisha ulimi. La pili ni ukakasi, ule mkwaruzo wa mdomoni tuusikiao tukila bibo au ndizi isiyoiva, nao hutoka katika maganda yale yale yatoayo rangi. La tatu ni joto la kileo. Katika divai njema ya kila siku hakuna lipigalo kelele kuwashinda wenziwe. Kipimo cha mwisho ni chakula: ile ikufanyayo ulitamani tonge jingine ndiyo ya mezani, na ile itakayo gilasi nyingine peke yake iangalie kwa hadhari. Katika nchi za joto kama zetu iweke katika jokofu nusu saa kabla ya kuinywa, maana divai nyekundu ikipata joto la chumba chetu hupoteza adabu yake. Na kiasi kidogo chatosha. Mwonjaji hodari hutema anachokionja, wala haoni haya.

Nasi hapa nyumbani hatuko mbali na kisa hiki. Katika nchi kavu ya Dodoma mizabibu iliyoanza kwa kazi ya wamisionari leo yavunwa mara mbili kwa mwaka, jambo lisilowezekana huko Languedoc, na zabibu nyekundu ya Makutupora ina ladha ambayo haikuazima kwa mtu. Wakulima wake wengi ni wadogo, kama wale 87 wa Argeliers. Wakitaka kujua mkulima mdogo huishi kwa nini, historia niliyoieleza yawajibu: hawezi kushindana na tajiri kwa wingi, wala na mghushi kwa bei. Mali yake ni jina la mahali pake, likiwa la kweli, na zabibu zilizo njema kiasi cha kulistahili jina hilo.

Wale wa Languedoc walipata jina kwanza, kwa damu, kisha wakachukua zaidi ya nusu karne kuikamilisha divai yenyewe. Pengine walio nyuma yao, wa Dodoma kwa zabibu na wa Pemba kwa karafuu, wataweza kuyafanya yote mawili kwa pamoja. Hapo methali ya wahenga itakuwa imetimiziwa sharti lake, na kizuri kitajiuza.